Aliyetangulia Kuvuka

Haya yalimkuta rafiki yangu Hilda Thwaite, mjane asiyependa upuuzi, kijijini kwetu Thornwath kaskazini mwa Uingereza. Mpaka leo hawezi kuyasimulia bila kukunja uso.

Alikuwa amevuka mto kununua hamira tu. Aliporudi kivukoni, ukungu ulikuwa umeumeza ukingo wa pili, ilhali hata saa kumi ya alasiri haijafika. Akapiga kengele ya kumwita mvushaji. Kimya. Akapiga tena na tena, mpaka mkono ukafa ganzi na mvua ikamwingia viatuni.

Hatimaye makasia yakasikika, polepole mno. Mashua ikasimama kabla ya kufika gatini.

"Nani tena?" akauliza Amos, mvushaji.

"Nani mwingine? Nusu saa nzima napiga kengele, Amos. Ulikuwa umelala?"

Amos akamkazia macho. "Usinifanyie mzaha, Hilda. Nimekuvusha sasa hivi. Hata ahsante hukusema."

"Umelewa wewe. Sogeza mashua, mbwa wangu yuko peke yake tangu asubuhi."

Amos hakuisogeza. Ng'ambo, kwenye nyumba ya Hilda iliyo ukingoni, mbwa alikuwa akibweka kwa ukali, kama anavyombwekea kila mgeni anayekaribia mlango. Hilda akasikiliza.

Bawaba za mlango, ambazo hazijatiwa mafuta tangu mumewe afe, zikalia. Mbwa akaacha kubweka. Kisha akaanza kulialia kwa furaha, vile anavyompokea Hilda na si mtu mwingine.