Mvumo Uliofukuzwa

Jua likizama pale Bariadi, Minza alishuka bodaboda akiwa na waya mpya kwenye mfuko, na hasira za siku nyingi. Kila jioni sabufa yake ilikuwa inavuma. Mmmmm... Aweke kwaya, aweke taarifa ya habari, mvumo uko chini yake, mzito, kama ng'ombe anayelalamika zizini.

Fundi Marcelo hakuona ajabu. "Mashine ya kusaga ya jirani yako iko laini moja na wewe," alimwambia dukani. "Ikiwashwa inachafua umeme. Huu waya una kichujio, hicho kidude kinene hapo katikati. Uchafu unaishia hapo."

Sawa. Lakini Minza alikuwa na lake moyoni. Mashine ni ya Milembe, bibi asiye na mtoto, na huyo Milembe haishi kumkodolea macho Precious, binti yake mdogo. Mtoto wa mwenzio unamtazama hivyo mpaka unga unamwagika, una nia gani?

Na leo bibi huyo alikuwa amesimama mlangoni kwa Minza, nyusi nyeupe kwa unga.

"Mwadila, mayu," bibi akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

Bibi akauangalia mfuko. "Usiufunge huo waya," akanong'ona. "Huo mvumo uache humo humo. Ukifukuzwa, utatafuta pa kukaa."

Kumbe anajua! Minza akaingia ndani bila kuaga, akabamiza mlango. Ndiye huyo. Amejitaja mwenyewe.

Akafunga waya. Nje mashine inasaga kama kawaida. Akawasha.

Loo! Kwaya ikatoka safi, mpaka pumzi za waimbaji unazisikia. Minza akacheka peke yake. Mchawi kakomeshwa.

Wimbo ukaisha.

Mmmmm...

Akainama kwenye spika. Kimya. Akaweka sikio kwenye ya pili. Kimya. Harufu ya pumba ilikuwa imejaa sebuleni... na ile sauti ilikuwa inatoka chumbani.

Precious alikuwa amekaa kitandani, mdomo umefumbwa, macho wazi. Alikuwa anavuma. Sauti nzito ile ile, kubwa mno kwa kifua cha mtoto.

"Precious? Mwanangu, acha."

Mmmmm...

Anaiga mashine tu, Minza akajiambia. Watoto huiga.

Umeme ukakatika. Mashine ya Milembe ikazimika, mtaa mzima ukatulia.

Precious hakunyamaza.

Minza akakimbilia sebuleni, akachomoa waya mpya, akapapasa nyuma ya kochi mpaka akaupata ule wa zamani, akauchomeka. Akapiga magoti gizani, paji la uso likigusa spika.

"Rudi humu," akabembeleza, machozi yakimtoka. "Nakuomba, rudi. Sitakufukuza tena."

Umeme ukarudi. Mashine ya jirani ikaunguruma tena. Na kwa waya ule ule wa zamani, sabufa ikaimba safi kabisa, bila hata chembe ya kelele.

Chumbani, mtoto aliendelea kuvuma.