Chupa Tatu za Nyuma ya Gereji

Nyumbani naitwa Chapuchapu, na jina hilo nimelitolea jasho. Nikitumwa chumvi, narudi mama hajamaliza kusema "chumvi". Naoga chapuchapu, nakula chapuchapu, na mazoezi ya hesabu nayamaliza chapuchapu, ingawa mwalimu anasema nusu yake huwa ni ya kubahatisha.

Kila Jumamosi asubuhi, nikishafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama, nilikuwa na kazi yangu ya heshima. Nilibeba begi lenye chupa ndogo kumi na mbili, kila moja na namba yake, nikapita nyumba kumi na mbili za mtaa wetu. Kila nyumba ilikuwa na mtego wa mbu umetundikwa ukutani. Nilitoa mbu waliokufa mtegoni, nikawatia kwenye chupa yenye namba ya nyumba ile, nikaifunga vizuri. Chupa zote nilimpelekea shangazi.

Shangazi, dada yake baba, ni mtaalamu wa hesabu katika kituo cha utafiti wa mbu. Watu wakisikia hivyo hucheka. "Mbu na hesabu wapi na wapi? Wakiuma, tunawapiga, basi!" Kwetu hakuna anayecheka. Mwaka jana mdogo wangu Kifungo aliugua homa ya dengue, akalala siku tisa hana hata nguvu ya kugombana nami. Jina lake la utani alilipata alipomeza kifungo cha mama. Kilitoka salama, mama akakiosha, lakini hakukishona kwenye nguo ya mtu yeyote.

Siku moja nilimwuliza shangazi anafanya nini hasa huko kituoni. Akamwaga vifungo vya mama mezani, vyeusi na vyeupe.

"Hivi vyeusi ni mbu tunaowafuga sisi na kuwaachia mtaani," akasema. "Ndani yao mna bakteria wasiomdhuru mtu. Mbu mwenye bakteria hao ni vigumu kueneza dengue. Jike mwenye nao akitaga, watoto wake wanazaliwa nao. Hivi vyeupe ni mbu wa mtaani, hawana. Sasa jike mweupe akiolewa na dume mweusi..."

"Wanazaa vijivu!" Kifungo akadakia.

"Hawazai kitu, baba. Mayai hayaangui."

"Basi weusi watashinda tu," nikasema.

"Haraka hiyo! Weusi hutaga mayai machache kidogo. Wakiwa wachache mtaani, wanamezwa na weupe, na kazi yote inakwenda na maji. Wakizidi kiwango fulani, wanaenea wenyewe bila msaada wetu. Mimi napiga hesabu kujua kiwango hicho kiko wapi, ili tusiache kuwaachia mbu wetu mapema."

Mama aliinua macho kwenye cherehani. "Kumbe ni kama kusukuma mkokoteni mlimani! Ukiuachia kabla ya kilele, unakurudia miguuni."

"Wifi, nakutafutia kiti ofisini kwangu!" shangazi akasema, wakagonganisha viganja.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nyumba ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili ziko nyuma ya gereji, na gereji ina bata bukini. Fundi wa magari alimwita Askari, na yule bata alijiona kweli ana cheo. Shingo ndefu, macho madogo, hasira za bure. Jumamosi moja alinikimbiza mpaka nikaacha kandambili moja uwanjani kwake.

Jumamosi iliyofuata nilifika kwenye kona ya gereji, nikasikia wenzangu upande wa pili wakianza mashindano ya kuruka kamba. Nikamwona Askari. Naye akaniona. Nikaitazama chupa ya nyumba ya kwanza: ilijaa mbu hadi shingoni. Nikachuchumaa nyuma ya ukuta, nikawagawa wale mbu kwenye chupa namba kumi, kumi na moja na kumi na mbili. "Mbu ni mbu," nikajiambia. Nikaruka kamba mara themanini na mbili bila kukosea, nikatangazwa bingwa.

Jumamosi ya pili nikafanya vilevile. Ya tatu, hata sikufika kwenye kona.

Ijumaa moja saa kumi jioni shangazi aliingia kwetu anacheza, mkoba begani. Alimnyanyua Kifungo, akamzungusha. "Tumevuka! Mbu tisa katika kila kumi wana bakteria, mpaka nyuma ya gereji! Jumatatu napeleka ripoti, tunaacha kuwaachia mbu." Kisha akatoa kofia ya kituo, akanivika. "Na hii ni ya mkusanyaji wetu hodari."

Mama akapiga vigelegele. Mimi nikahisi kofia inanichoma.

"Kitu kimoja tu kimenishangaza," shangazi akaendelea. "Hesabu zangu zilisema nyuma ya gereji patachelewa, maana matairi mabovu ya gereji yanatuamisha maji na mbu weupe wanazaliana humo. Lakini vipimo vya mbu wa chupa zako vimezikataa. Basi, nimezifuta ubaoni. Miaka miwili ya kazi! Nitaanza upya."

Alisema akitabasamu, lakini alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Nikamtazama Kifungo akirukaruka kwenye kitanda kile kile alicholalia siku tisa. Mkokoteni ulikuwa bado mlimani, na mtu anayetaka kuuachia alikuwa shangazi yangu, kwa sababu yangu.

Nikavua kofia. "Shangazi, usiipeleke ripoti."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nikamweleza yote: Askari, kamba, chupa ya nyumba ya kwanza, Jumamosi tatu. Maneno yalitoka pamoja na kamasi. Cherehani ya mama ilinyamaza.

"Njia ya mwongo ni fupi," mama akasema kwa sauti ya chini. Afadhali angefoka.

Shangazi alichukua kofia yake, akairudisha mkobani. "Nimekasirika," akasema. "Nimekasirika sana. Nilikuwa nikiwaamini mbu wako kuliko akili yangu mwenyewe." Akafunga mkoba. "Lakini umesema leo, hukungoja Jumanne. Kesho saa moja asubuhi uwe tayari. Twende sote wawili kwa huyo Askari."

Asubuhi tukaenda. Shangazi alitangulia kama jemadari. Askari akanyoosha shingo, akatoa mlio, na shangazi, mtaalamu mzima mwenye shahada tatu, akageuka akatimua mbio huku akipiga yowe! Nikamfuata. Fundi wa magari alitoka chini ya gari akicheka mpaka spana ikamdondoka.

"Msikimbie jamani! Huyo humfukuza anayekimbia tu. Simameni, tanueni mikono!"

Tukasimama, tukatanua mikono. Askari akatutazama, akakohoa, akaenda zake kunywa maji. Jumamosi tatu za uongo, na dawa yake ilikuwa kusimama tu!

Tulikusanya chupa tatu za kweli. Jumatano, nikiwa ofisini kwa shangazi, majibu yakatoka: nyuma ya gereji, mbu wawili tu katika kumi walikuwa na bakteria. Nilidhani shangazi atalia. Badala yake alinikamata mabega. "Wawili! Unajua hesabu zangu zilisema wangapi? Wawili! Zilikuwa sawa tangu mwanzo!" Akakimbilia ubaoni kuziandika tena, na chaki ikakatika mara mbili kwa furaha yake.

Ripoti ikaandikwa nyingine. Fundi wa magari alipoelezwa aliona haya, akamwaga maji ya matairi yote na kuyahamishia chini ya paa. Kituo kikaendelea kuwaachia mbu wake, na mimi ndiye niliyebeba visanduku vyao hadi nyumba ya kumi na mbili. Wakafika wanne katika kumi, kisha saba. Tukaacha kuwaachia, tukangoja. Wakafika tisa, wenyewe.

Mvua zikaja, zikaisha, na mwaka huo Kifungo hakuugua. Aligombana nami kila siku, nikashukuru.

Siku ile majibu ya tisa katika kumi yalipotoka, shangazi alinivika kofia tena. "Hesabu haina macho, mwanangu," akasema. "Inaona kwa macho yako. Ukiipa uongo, haitakukaripia. Itaupokea, itaujumlisha, kisha atakayelipa ni mgonjwa. Kwa hiyo andika ulichokiona, hata kama ni kibaya, hata kama ni aibu yako. Kibaya kinachojulikana kinatengenezeka."

Bado naitwa Chapuchapu. Lakini nikifika kwenye mtego, natembea polepole, nasoma namba ya nyumba, nasoma namba ya chupa, ndipo nafungua kifuniko. Askari husimama pembeni akinitazama hadi nimalize.