Saa Aliyoichagua Mama

Kazi ya mwoka mikate haina usiku. Wenzake wakijifunika shuka, yeye anafunga aproni. Anakanda unga, anainamia meza, anavuta trei za moto kutoka kwenye tanuri. Kukipambazuka anakunywa chai na mkate wa moto pamoja na wafanyakazi wengine, kisha anarudi nyumbani mgongo ukimuuma.

Kwa miaka mingi alimkuta mkewe sebuleni, juu ya mkeka wa kijani, akifanya yoga. Kichwa chini, kiuno juu.

"Umerudi mzima?" mke alikuwa akiuliza hivyohivyo alivyoinama.

"Watu husalimia wakiwa wima, mama," mume alimtania, akapita kwenda kulala.

Sasa mke amefariki. Mkeka ulibaki umekunjwa nyuma ya mlango, na mwoka mikate hakuweza kuutazama bila machozi kumlengalenga. Halafu siku moja akautandaza. Mikao michache aliijua kwa kumwona marehemu. Akaamua kuifanya saa ileile ya alfajiri, akitoka kazini. Alihisi kama yuko naye.

Lakini mwili ulikataa katakata. Akiinama, chai na mkate vilimpanda kooni. Macho yalikuwa mazito. Asubuhi moja alisimama kwa mguu mmoja, usingizi ukamwiba, akaanguka puu! Ubavu ukagonga kona ya meza.

Binti yake, anayeuza kwenye duka la dawa, alikurupuka kitandani. Alipomwona baba yake sakafuni, akakimbia kumwita jirani. Jirani huyo alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, tena rafiki wa marehemu. Watu walimwita Koplo, kwa sababu hata kwenye foleni ya maji alisimama kama yuko kwenye gwaride.

Koplo alimpapasa ubavu taratibu. "Sidhani kama umevunjika, ila leo uende hospitali wakuangalie. Shemeji, umekula saa ngapi?"

"Nimetoka kula sasa hivi, kiwandani."

"Na kulala je?"

"Nilale saa ngapi na mimi natoka kazini?"

Koplo akaguna. "Yoga haitaki tumbo lililojaa. Ukila ukashiba, subiri kwanza, muda wa saa mbili au tatu hivi. Na mwili uliokesha hauwezi kujishikilia. Alfajiri inamfaa aliyelala, na huyo naye aanze polepole, maana viungo bado vimekaza. Wewe asubuhi yako ni jioni, ukishaamka. Fanya wakati huo, kabla hujala. Saa nzuri ni ile ambayo mwili wako umepumzika, na unaweza kuifuata kila siku."

"Hii ndiyo saa yake," mwoka mikate alisema. "Nikiiacha, ni kama namzika mara ya pili."

Binti akakaa sakafuni kando yake. "Baba, Mama hakuipenda alfajiri. Mama alikuwa mtu wa usingizi. Aliniambia mwili wake unalegea vizuri jioni."

"Mbona basi aliamka kila siku?"

"Ili ukirudi usikute nyumba imelala."

Mwoka mikate alijifunika uso kwa viganja vinavyonukia unga, akalia kwa sauti. Miaka yote ile, na yeye hakuwahi hata kuuliza! Kazi yake ilikuwa kumtania tu. Hakuna aliyemnyamazisha.

Ubavu ulipopona, alianza upya, Koplo akimsimamia siku za mwanzo. Sasa akitoka kazini, analala kwanza. Anaamka, anakunywa maji kidogo, anatandaza mkeka. Chakula hufuata baadaye. Mgongo umepungua kuuma, na hajaanguka tena. Huzuni ndiyo haijaondoka. Kila alfajiri anafungua mlango polepole, anaitazama sebule tupu, anasimama pale kidogo, ndipo anakwenda kulala.

Jioni moja binti alirudi kutoka kazini amechoka, mkoba begani. Akasukuma mlango. Baba yake alikuwa juu ya mkeka wa kijani, kichwa chini, kiuno juu.

"Umerudi mzima?" baba akauliza hivyohivyo alivyoinama.

Binti aliweka mkoba chini. Ilibidi ageukie ukutani kwanza, afute macho, ndipo aweze kujibu.

"Nimerudi, Baba."