Asiyejikwaa Gizani

Fardowsa alipovuta shali yake mezani, simu ilidondoka, kamera yake ingali inawaka. Ukumbi mzima wa mashindano, Homa Bay, ukageuka kuitazama. Ilikuwa imefichwa ndani ya shali, ikielekezwa kwenye kompyuta ya mwamuzi, ambayo peke yake iliona kete za pande zote mbili. Maana katika chesi ya gizani, kila mchezaji huona kete zake tu; akijaribu njia iliyozibwa na kete asiyoiona, kompyuta hupaza sauti: "Hapana!"

Inspekta Mniko, aliyesimamia ulinzi, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Shali ya nani?"

"Yangu, afande. Niliivua kwa joto. Simu siijui."

"Mwizi amewahi kukubali?" alidakia Arasa wa Awendo, mpinzani wake, akijishika sikio lililozibwa pamba. "Afukuzwe, tumalize."

Mshindi angelipiwa chuo. Mdanganyifu hangecheza tena. Fardowsa alitazama nondo za dirisha, jasho likimtiririka; alibanwa kama mfalme asiye na mraba wa kukimbilia.

Mniko akamgeukia fundi. "Willis, kompyuta umeifunga wewe?"

"Ndiyo, mkubwa. Lakini tangu asubuhi niko kule nyuma na watu, tunacheka. Yawa, huyu dada kila akigonga ukuta na kuambiwa 'Hapana!', tunavunjika mbavu!"

Fardowsa akainua kichwa. "Mlinicheka sana?"

"Sana! Usikasirike."

"Na Arasa, je?"

Willis alikuna kidevu. "Arasa... sijasikia akikatazwa hata mara moja."

Watu wakatazamana.

"Afande," alisema Fardowsa, "gizani kila mtu hujikwaa. Ningekuwa na macho kwenye hiyo simu, ningejigonga hivyo mbele za watu? Asiyejikwaa ana taa."

"Ni bahati ya Mungu tu," Arasa alinong'ona.

"Mungu mwache," alisema Mniko. "Toa pamba."

Chini ya pamba kulikuwa na kidude cha kusikilizia.

"Ndugu yangu anaona kupitia simu hiyo, ananisomea kutoka nje," Arasa alisema, macho chini. "Nyumbani walishaniaga niende chuo. Walinichinjia jogoo. Ningerudi na uso gani?"

"Na shali yangu?"

"Ilikuwa karibu na kompyuta."

Mlango ukafunguliwa, upepo wa ziwa ukaingia. "Umeshinda, binti," alisema Mniko. "Unangoja nini?"

"Nataka kujua nini kilinizuia pale ubaoni."

Fardowsa akaketi, akasema bismillahi, akasukuma ngome yake.

"Hapana!" ikasema kompyuta.

Ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka kuwashinda wote.