Rinda la Njano Majini

Duka la picha alikofanya kazi Wayua, karibu na soko la Kawangware, lilikuwa limejaa watu wa picha za pasipoti siku Khamala alipojipenyeza hadi kaunta, viatu vimeganda matope ya Bwawa la Nairobi.

"Niaje. Nataka kuprint huyu yangeyange."

Wayua alitazama skrini. Ndege mweupe, miguu kama njiti, amesimama majini.

"Umemkata vibaya. Hapa chini alikuwa na mwenzake."

"Mwenzake gani?"

"Kivuli chake majini. Ukimkata kichwa yule, huyu wa juu anabaki mpweke. Na umwachie nafasi mbele ya mdomo, anaonekana kama amegonga ukuta."

Khamala alicheka. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, hata bila picha. Mvua zilipoisha, majirani wa Khamala mtaani Sarang'ombe walishamzoea Wayua na rinda lake la kijani, na Wayua alishamnunulia begi jekundu la kamera.

Kisha Khamala akamwachia laptop ampangie picha za maonyesho. Wayua akaifungua picha mpya ya yangeyange, aliyoipenda kuliko zote, akarudisha sehemu iliyokatwa ili aipime upya. Pembeni mwa yangeyange, majini, kilionekana kivuli cha mwanamke wa rinda la njano, kichwa chini miguu juu. Alikuwa amepakata begi jekundu.

Simu ikalia.

"Babe, umemaliza?"

"Wa njano ni nani?"

"Wa njano yupi?"

"Khamala, usinibebe ufala. Ameshika begi nililokununulia."

"Ni Joan. Tulikuwa pamoja kabla yako. Alinifuata bwawani akitaka turudiane. Nikakataa."

"Halafu ukamkata nisimwone."

"Niliogopa utakasirika."

"Basi sasa nimekasirika mara mbili." Akakata simu.

Wiki nzima, kila mwanamke aliyeingia dukani amevaa njano alihudumiwa wa mwisho.

Jumamosi asubuhi alivaa rinda lake la kijani, akashuka kupitia kijiji cha Raila hadi bwawani. Alimkuta Khamala amechutama kwenye majani, kamera imefunikwa.

"Joan yuko wapi?"

"Hakurudi, Wayua. Hata mimi nakuja tu, sipigi picha."

"Mengine nitakusamehe. Lakini begi langu ulimpa ashike kwa nini?"

"Nilikuwa nimeinama, akaliokota. Kosa langu si begi. Kosa langu ni kukuficha."

Ng'ambo, yangeyange aliinua mguu, maji yakatikisika.

"Krismasi nipeleke kwenu Mwala," Khamala akasema taratibu. "Nataka kumwona mama yako. Nikuoe."

"Atauliza unafanya kazi gani."

"Mwambie napiga picha ndege."

"Atacheka."

"Wacha acheke. Utanipeleka?"

Wayua alimnyooshea mkono, akamwinua.

"Nitakupeleka. Lakini Joan akipiga simu, nashika mimi."

Khamala alitoa simu mfukoni, akampa. Wayua akaitia kwenye mkoba, akavuta zipu, akatangulia kupanda kilima. Hakumrudishia simu mpaka walipofika mlangoni kwake Sarang'ombe.