Kura ya Bibi Gerda Juu ya Trela

Ilikuwa Jumapili ya Juni, mwaka 2009. Viazi vipya vilikuwa vinachemka jikoni kwetu, hapa kisiwani Langeland. Mume wangu, Ejnar, alikuwa anakata siagi. Mama yake, Bibi Gerda, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mama, koti la nini? Unakwenda wapi?" Ejnar aliuliza.

"Kupiga kura."

"Na nyonga hiyo iliyovunjika? Kwenye gari huwezi hata kukunja mguu."

"Basi nibebe."

Ejnar akacheka. Siku hiyo sisi Wadenmark tulikuwa tunaulizwa jambo kubwa. Je, mtoto wa kwanza wa mfalme arithi kiti, hata akiwa wa kike? Sheria ya zamani ilimruhusu binti kurithi. Lakini kaka yake alimpita, hata kama alikuwa mdogo kwake.

"Ndiyo itashinda bila wewe," Ejnar alisema. "Nani atasema hapana? Tena mimi sitaki mfalme wala malkia. Nakaa nyumbani, nile viazi vyangu."

Bibi Gerda akatazama dirishani. Machozi yalimlengalenga. Nilimhurumia sana, ila niliona mume wangu ana hoja.

Mara akaingia jirani yetu Sidsel, msimamizi wa kituo cha kura. Alikuja kuazima chupa yetu kubwa ya kahawa.

"Mbona mmenuna kama mko matangani?"

"Huyu hataki kunipeleka," Bibi Gerda alisema.

"Ejnar, unadhani ukikaa nyumbani hujasema kitu?"

"Nimenyamaza tu. Kunyamaza si dhambi."

"Si dhambi. Lakini sheria hii inabadilishwa kama katiba. Haitoshi ndiyo kuzidi hapana. Chukua watu mia wenye haki ya kupiga kura. Wahesabu wote, pamoja na waliolala. Lazima arobaini kati yao waseme ndiyo. Wasipofika, sheria inaanguka. Anayebaki nyumbani yumo kwenye mia, lakini kwenye arobaini hayumo. Anayetumbukiza karatasi tupu ni hivyo hivyo."

Ejnar akaweka kisu chini. "Kwa hiyo nikila viazi hapa..."

"Unaisaidia hapana."

"Na mama nikimwacha hapa?"

"Umemsemea hapana, na yeye anataka ndiyo."

Bibi Gerda akageuka. "Mwaka hamsini na tatu nilikuwa mwanamke kijana. Ndipo tulipokubali binti naye aweze kurithi. Ilipita chupuchupu, Ejnar! Kura yangu ilikuwemo. Nataka niimalize kazi ile."

Binti yetu Regitze, wa miaka tisa, alikuwa ametega masikio. "Kwa hiyo yule binti mfalme mdogo, mjukuu wa malkia wetu, atakuwa malkia kesho?"

"La, ana kaka mkubwa," Sidsel alimjibu. "Kaka yuko mbele yake. Lakini akizaliwa mdogo wao wa kiume, hatamruka."

"Na ataitwaje?"

"Binti mfalme, kama tangu azaliwe. Cheo hakiguswi. Kinacholindwa ni mahali pake kwenye foleni."

"Akitaka kuwa Mkatoliki kama rafiki yangu Kasia?"

"Anaweza. Ila kiti hatakikalia. Katiba inataka anayetawala awe wa Kanisa la Kilutheri. Wewe ukikua, chagua kanisa lolote, hakuna atakayekunyang'anya kitu."

Regitze alikodoa macho. "Mimi nimemzidi uhuru binti mfalme?"

"Kwa hilo, umemzidi."

Ejnar alitoka nje. Tukasikia trekta ikiwaka. Tulimpandisha Bibi Gerda na kiti chake kwenye trela la viazi, tukakifunga kwa kamba. Njia nzima alipunga mkono, na majirani wakampungia.

Tulipofika kwenye ukumbi wa kupigia kura, nyonga ilimuuma mno, hatukuweza kumshusha. "Asishuke," Sidsel alisema. "Sheria inaruhusu mgonjwa apigie kura hapa nje." Wasimamizi wawili walimletea karatasi. Wakamkinga kwa kitambaa cha meza, asionekane. Alihangaika kuishika kalamu. Ejnar akanyoosha mkono ili amsaidie.

"Rudi nyuma!" Sidsel alimfokea. "Akihitaji msaada tupo sisi. Hapa wewe si mwanawe, ni mpita njia."

Ejnar alirudi nyuma. Kisha akavua kofia, yeye asiyeivua hata kanisani. Kikongwe wetu yuko juu ya trela lenye matope, na kalamu mkononi, na nyumba nzima ya kifalme inamngoja yeye aamue. Sikuwahi kuona jambo kubwa kama lile. Karatasi yake ilipoingia sandukuni, mimi na Ejnar tulikwenda kupanga foleni ndani.

Asubuhi redio ilitangaza matokeo. Katika kila watu mia, arobaini na watano hivi walisema ndiyo. Sheria ilikuwa imepita.

"Tano tu za ziada!" Ejnar alisema, akashika kichwa. Akamtazama mama yake. "Lakini siku moja tutapiga kura ya kuuondoa ufalme wenyewe. Nitaipigania mimi."

"Ipiganie. Mimi nitasema hapana," Bibi Gerda alijibu. "Je, utanipeleka?"

Ejnar alimmiminia kahawa, akamsogezea kikombe.

"Nitakupeleka, mama. Hata kama utanishinda."