Chungu cha Nyanya Ng'ambo ya Luama

— Soma tena, — baba alisema. — Pole pole.

Pacifique akasoma tena. Alikuwa ameendesha baiskeli siku mbili kutoka Kabambare mpaka kwetu Kasongo, kwa ajili ya karatasi ile moja tu.

— "Mulinzi Pacifique anapewa ruhusa ya kuingia hifadhi ya Luama, yeye na muke wake Pascaline. Mwisho Jumapili."

— Yeye na muke wake.

— Ndiyo, baba.

— Muke wa nani?

Nilikuwa nyuma ya pazia na bakuli la unga mkononi. Nikasogea karibu nisikie.

Nieleze kwanza, maana nyinyi wa leo mtauliza kwa nini msichana mzima hakuolewa tu mambo yakaisha. Katika ukoo wetu binti wa kwanza hatoki nyumbani kabla mama wa baba hajaambiwa. Akiwa amekufa, unakwenda kaburini, unainua chungu kilichofunikwa juu yake, unamwaga unga mpya na kumtajia jina la mwanaume. Nyanya yangu Faida alizikwa kijiji chetu cha zamani, ng'ambo ya mto Luama. Nilikuwa na miaka minne Wabelgiji walipotuhamisha. Sisi tukaletwa barabarani kulima pamba, kijiji wakawaachia nyati na tembo, wakakiita hifadhi. Kuingia ilikuwa marufuku, isipokuwa kwa walinzi na wake zao. Baba aliomba mara tatu, na mara tatu alijibiwa kwamba wanyama wasisumbuliwe.

— Tembo iko na ruhusa ya kukanyaga mama yangu, — alizoea kusema. — Miye sina ruhusa ya kumusalimia.

Basi hapo ndipo tulipokwama, Pacifique na mimi, miaka mitatu. Siwezi kuingia mpaka niwe mke wa mlinzi, siwezi kuwa mke wa mlinzi mpaka niingie. Mwaka ule nilikuwa nimemwona mara nne tu. Safari hii aliona bora amwambie karani kwamba mimi ni mkewe tayari.

— Ulimuandikisha mutoto wangu na miye sijakupa bado, — baba alisema.

— Baba, hapakuwa njia ingine. Karani aliuliza, huyu ni nani wako? Ningesema muchumba, angefunga kitabu.

— Na mama yangu atasikia nini? Kwamba mujukuu wake aliozwa na karani?

Pacifique alikosea hapo. Alitaka kumlainisha mzee, akaitoa siri aliyokuwa akiiweka kwa siku ya harusi.

— Mama yako ananijua, baba. Miaka hii mitatu, kila tukizunguka upande ule ninapita kwa kaburi lake. Ninang'oa majani. Ninamusalimia. Hata jina la Pascaline nimemuambia.

Baba akamkazia macho. Mkono wake ukashika goti.

— Kaburi gani?

— Lile la karibu na michikichi miwili. Chungu chake iko na masikio mawili.

— Chungu ya mama yangu haina masikio. Lile ni la Mwanvua, muke mwenza wake. Walikaa miaka kumi na tisa pasipo kusalimiana, juu ya ugomvi wa kinu.

Uani, shangazi Émérance alikuwa akipepeta mchele. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mimi nilitaka kulia. Miaka mitatu nyanya yangu amelala pale, anamtazama mchumba wangu akimpalilia adui yake.

— Rudi kwako, — baba akamwambia. — Na karatasi yako.

Akatoka. Alipopita karibu na pazia alipunguza hatua, nikasikia harufu ya moshi kwenye nguo zake za kazi, na hatukuweza kusemeshana hata neno.

Kesho yake Kassimu mwenye duka, yule wa karibu na msikiti, alinipimia chumvi na kunipa kipande cha karatasi kilichokunjwa.

"Pascaline wangu. Leo ninaondoka. Nitakungoja kwenye kivuko cha Luama mpaka Jumapili, jua likigeuka. Usipokuja sitakulaumu. Ila ujue kwamba jua litageuka na mimi nitakuwa bado naangalia barabara."

Nilikisoma njiani, nikakisoma jikoni, nikakiweka kifuani. Nilimtamani yule mwanaume mpaka chakula kikawa hakipiti. Shangazi akanikuta nimeshika mwiko na sufuria haina kitu.

— Unalilia nini weye?

— Nyanya, shangazi. Hatutamufikia tena.

— Nani alikuambia ni lazima kumufikia? Wakati wangu, nyanya yetu alikuwa amezikwa Kongolo. Hakuna mutu alikwenda Kongolo. Baba yetu alisimama kwa njia, akageuka upande ule, akaita jina, akamwaga unga. Ikaisha. Nikaolewa.

Nikaweka mwiko chini.

— Na baba anajua hiyo?

— Atakosa kujua? Ni yeye alibeba bakuli.

Nilimkuta shambani asubuhi ya Ijumaa, ameinama kwenye pamba.

— Baba, shangazi ameniambia juu ya unga wa njiani.

Akaendelea kuchuma.

— Ungeweza kumuita nyanya tangu mwaka wa kwanza. Kutoka hapa hapa.

— Ningeweza.

— Kwa nini basi?

Aliitupa pamba ya mkononi kwenye kikapu.

— Nilimuzika Jumanne, — alisema. — Alhamisi wakatutoa. Sikumaliza hata matanga. Nikienda kwa Bwana Mukubwa kusema ninamulilia mama yangu, atanifukuza. Lakini harusi, harusi ni sababu. Wanaandika kwa kitabu. Nikisha kukuoza, nitaomba tena na sababu gani?

Nilimkasirikia. Sitaficha, nilimkasirikia baba yangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

— Ni miaka yangu mitatu, baba.

— Ninajua.

— Na yake. Ananingoja kwenye kivuko mpaka Jumapili.

— Ninajua, mama.

Aliponiita mama, sauti yake ikakatika, na hasira yangu ikakosa pa kushika. Akajifuta mikono kwenye suruali.

— Kamyo ya pamba inaondoka kesho. Chukua unga.

Lori likatufikisha Kabambare, tukalala, na Jumapili tukatembea. Shangazi alikuwa amebeba unga, baba alikuwa amevaa koti lake la misa. Njia ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka. Tulipofika kivukoni jua lilikuwa limegeuka zamani, na Pacifique alikuwa amekaa chini kando ya baiskeli, uso kwenye barabara. Aliponiona alisimama, akavua kofia, akasahau kuivaa.

Mlinzi wa kivuko alisoma karatasi. Majina yalikuwa mawili tu.

— Acha iseme ni muke wako, — baba akamwambia Pacifique. — Kwa leo. Nyumbani bado.

— Ndiyo, baba.

— Kaburi ya mama iko upande wa mto. Chungu imepasuka mudomo. Na upite kwa Mwanvua umuage. Umemuzoeza vibaya.

Mtumbwi ukatuvusha wawili. Pacifique alifyeka njia kwa panga na mimi nikamfuata nyuma, na kila mara aligeuka kuhakikisha kwamba nipo. Chungu tulikikuta kimezama nusu kwenye udongo, mdomo umepasuka. Nikapiga magoti, nikakiinua. Nikafungua kinywa nimtaje Pacifique. Sauti ya baba ikatoka ng'ambo, ikipita juu ya maji.

— Mama. Ni miye, Jean-Marie. Niko huku tu.

Kisha tena.

— Wananikataza kuvuka. Mujukuu wako iko hapo kwako. Iko na mwanaume. Ni mutu muzuri, anajua kung'oa majani.

Pacifique akainamisha kichwa. Nikamwaga unga. Jina tu ndilo nililoongeza: Pacifique.

Wiki ya tatu tukafunga ndoa misioni. Shangazi alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Nikahamia kambini kwa walinzi, mke wa kweli sasa, na karatasi ya kweli. Kila mwisho wa mwezi baba alikuja mpaka kivukoni na koti lake la misa. Hakuwahi kuvushwa. Mimi na Pacifique tulifyeka makaburi yote mawili, Mwanvua asije akasema tumemtupa, na baba alisimama ng'ambo akiongea na mama yake kadiri alivyotaka. Akimaliza, aliniita mimi.

— Pascaline. Iko safi?

— Iko safi, baba.